Ramani mkononi, mvi kichwani: wazee wa Ulaya ya Kaskazini wanaoingia msituni kila mapukutiko

Ni siku ya kazi, saa nne asubuhi, mwezi wa kumi. Kwenye parkingi ndogo kando ya msitu, karibu na mji wa Stockholm inchini Sweden, magari yanafika moja moja. Wengi wanaoshuka wana mvi. Wanabadilisha viatu, kila mmoja anachukua ramani na dira, kisha wanaingia kati ya miti mmoja mmoja, bila kiongozi. Baada ya saa moja hivi wataonekana tena, suruali zikiwa na matope mpaka magotini.

Hawakwenda kutafuta kuni. Wanacheza mchezo ambao wenye kusema Kifaransa wanauita « course d'orientation », yaani mbio za ramani na dira. Wengi wao hawakimbii tena: wanatembea. Lakini bado wanashindana, na wamo watu wa miaka 70, 80 na hata zaidi.

Sheria ni rahisi. Waandalizi wanaweka alama msituni, vitambaa vya rangi ya machungwa na nyeupe, kila upande sentimeta 30. Ramani inaonyesha alama hizo kwa viduara vyenye namba. Mchezaji anapaswa kuzifikia zote kwa kufuata namba, lakini njia ya kupita kutoka moja hadi nyingine anaichagua mwenyewe. Akifika, anagusisha kifaa kidogo cha elektroniki alichovaa kidoleni, nacho kinahifadhi saa aliyofika.

Ramani yenyewe inasomwa kwa rangi. Nyeupe ni msitu ulio wazi, kijani ni kichaka kizito, manjano ni uwanja, buluu ni maji na matope, nyeusi ni mawe na njia. Mistari ya kahawia inaonyesha milima na mabonde.

Mchezo ulizaliwa katika inchi hizo za baridi. Mwaka 1897 mashindano ya watu wote yalifanyika Norway. Mwaka 1919 Ernst Killander, mwanajeshi na kiongozi wa skauti, aliandaa mbio kubwa karibu na Stockholm, akiwa na nia ya kuwarudisha vijana kwenye mazoezi. Mwaka 1961 inchi 10 zilikutana Copenhagen na kuunda shirikisho la kimataifa. Lakini mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya vijana umewashika mpaka uzeeni.

Kila mtu na rika lake

Sababu ya kwanza ni namna mashindano yanavyopangwa. Kuanzia miaka 35, wachezaji wanagawanywa kwa marika ya miaka mitano mitano, wanawake kando na wanaume kando. Mama wa miaka 77 hapimwi na binti wa miaka 20. Anapimwa na wenzake wa miaka 75 na kuendelea.

Njia ya wazee inafupishwa, na milima inapunguzwa. Ramani nayo inakuzwa juu ya macho. Kijana katika mbio ndefu anapewa ramani ambayo sentimeta moja ni meta 150 za msitu. Mzee mara nyingi anapewa ambayo sentimeta moja ni meta 75, alama zake zikiwa kubwa na rahisi kusoma.

Tena, mzee anahitajika. Kila mwezi wa kumi, eneo la Stockholm linapokea mbio za kupokezana zinazoitwa 25manna. Kila timu ina watu 25, na sheria zinataka vijana, wanawake na wenye umri mkubwa wawemo. Timu yenye vijana wenye mbio peke yao haikubaliwi. Babu si mtazamaji hapo: asipofika, timu haimalizi.

Mbio si miguu tu

Sababu ya pili iko kichwani. Chukua mfano wa alama mbili zilizo na kilima na matope kati yao. Kupita moja kwa moja ni meta 200. Kuzunguka kwa njia ya miguu ni meta 350. Kijana anaruka kilima, anafika upande wa pili akihema, hajui tena yuko wapi, anapoteza dakika kumi. Mzee anazunguka, anahesabu hatua, anatazama jiwe kubwa lililo kwenye ramani, anafika. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na katika mchezo huu mara nyingi hapotei pia.

Kazi hiyo ya kulinganisha ramani na mahali, kukumbuka ulikotoka na kuamua unakokwenda, inawavutia wanasayansi, kwa kuwa kupotea njia ni moja ya dalili za mapema za ugonjwa wa kusahau uzeeni. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, inchini Canada, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watu 158 wenye afya, wa miaka 18 hadi 87. Waliozoea mchezo huu walijieleza kuwa na uwezo bora wa kutambua njia na kukumbuka kuliko wasioucheza. Ni maelezo ya wahusika wenyewe, na hayathibitishi kwamba mchezo unazuia ugonjwa. Lakini yanaonyesha kwa nini kutembea huku unafikiri kunaweza kuwa na faida kuliko kutembea tu.

Hofu ya kuanguka

Watoto wengi wangemwambia mzee wao: kaa nyumbani, utaanguka. Hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba watu 684 000 wanakufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wenye zaidi ya miaka 60 ndio wanaoumia zaidi. Lakini kukaa siku nzima kunalegeza miguu, na miguu iliyolegea ndiyo inayoanguka.

Kwa hiyo OMS inashauri wenye miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na katika siku tatu ao zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Ardhi ya msituni, yenye mizizi na mawe, inafundisha mwili kusimama imara.

Mapukutiko yana hatari zake. Majani yaliyoanguka yanaficha mizizi na yanateleza. Mwishoni mwa mwezi wa kumi, saa zikisharudishwa nyuma, jua la Stockholm linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ni pia wakati wa kuwinda, basi wanaotembea msituni wanavaa rangi kali. Na kuna kanuni isiyovunjwa: hata aliyechoka akaacha mbio lazima apite mwisho na kujiandikisha. Mtu asiporudi, wenzake wanaanza kumtafuta.

Na wazee wetu?

Katika Kivu, wazee wengi hawajawahi kuhitaji mchezo ili watembee. Shamba liko mbali, kisima kiko bondeni, kanisa liko juu ya kilima. Mambo yanabadilika familia inapohamia mjini ao kukimbia vita. Wakongomani wengi wamepokelewa kama wakimbizi Norway, Sweden na Finland, wengine pamoja na wazazi wao. Mama aliyepanda milima maisha yote anajikuta kwenye nyumba ya ghorofa, na lifti.

Huko msitu hauna mlinzi mlangoni. Sheria ya Norway ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea porini, na Sweden na Finland zina haki kama hiyo, mradi mtu asiharibu mashamba wala kusumbua nyumba za watu. Uyoga na matunda ya porini, ambayo mapukutiko ni wakati wake, yanaruhusiwa kuchumwa.

Kivu ni tofauti. Juu ya usalama, msitu si mahali pa kupumzikia. Lakini sehemu kubwa ya faida haihitaji msitu: mzee anaweza kwenda sokoni kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, akashika alama za njiani, akatembea na mwenzake. Wajukuu wakimwachia achague njia, wanampa zoezi la pili juu ya lile la miguu.

Pale parkingini karibu na Stockholm, wa mwisho amerudi. Termosi za kahawa zimefunguliwa, ramani zimetandazwa juu ya gari, na vidole vinaonyesha matope yaleyale. Wanabishana nani alipita vizuri, na juma lijalo watarudi kuyamaliza mabishano hayo.