Ngeli za Thamani: Mtego wa Umbo katika JavaScript

Mwanafunzi wa sarufi hufunzwa mapema asiamini kiambishi cha nomino pekee. "Kiti" na "kifaru" huanza kwa umbo moja, ilhali kiti kimevunjika na kifaru amelala. Anayetaka kuijua ngeli hana budi kutazama upatanisho. Onyo lilo hilo lamfaa aandikaye programu za tarakilishi kwa JavaScript, lugha aliyoibuni Brendan Eich mwaka wa 1995 kwa muda wa siku kumi hivi.

Chambilecho wahenga, mficha uchi hazai. Lugha hii huficha makosa yake. Chukua alama za mtahiniwa zilizochapwa katika fomu: 40 za karatasi ya kwanza, 30 za ya pili. Fomu huzipokea kama matini, si namba. Zikijumlishwa hazitoi 70 bali hubandikwa pamoja zikawa 4030. Tarakilishi hailalamiki.

Lipo neno typeof la kuulizia aina ya thamani, nalo hupotosha. Likiulizwa kuhusu orodha, hujibu "object", yaani kiolwa. Likiulizwa kuhusu null, ishara ya kutokuwepo kwa kitu, hujibu vivyo hivyo! Kosa hili la pili ni la tangu toleo la kwanza. Limeachwa kwa kuwa kulirekebisha kungevuruga kurasa nyingi zilizokwisha kulizoea. Hata NaN, ambayo maana yake ni "si namba", huitwa namba.

Ndiyo sababu waandishi wengi wa programu wamekimbilia maktaba za zana, yaani makusanyo ya amri zilizokwisha kujaribiwa: Underscore ya Jeremy Ashkenas ya mwaka wa 2009, kisha Lodash ya John-David Dalton ya mwaka wa 2012. Katika Lodash, _.isArray hutambua orodha, _.isNull hutambua null, na _.isString hufichua kuwa ile 40 ni matini. Hata hivyo, _.isNumber huikubali NaN. Atakaye namba ya kuhesabika atumie _.isFinite, ambayo huikataa NaN na "40" ya matini pia. (Kwa orodha pekee maktaba si lazima, maadamu lugha yenyewe ina Array.isArray tangu mwaka wa 2009.)

Yule mtahiniwa, basi, alama zake zigeuzwe kwa Number, zipimwe kwa _.isFinite, ndipo zijumlishwe. Lakini Number hugeuza nafasi tupu kuwa 0, na _.isFinite huipitisha. Nafasi tupu sharti itafutwe kabla ya kugeuzwa, la sivyo aliyekosa mtihani kwa ugonjwa ataandikiwa sifuri sawa na aliyeufanya akaanguka.