Chambo cha Tilapia na Chambo cha Kambale

Mtu akirudi kutoka mtoni siku 3 mikono mitupu, huanza kufikiri buba. Ngoja! Buba huua hata samaki wadogo, na mwaka ujao watoto wako watakula bukari na sombe tu. Tazama kwanza chambo chako.

Tilapia wa Lufira ana kinywa kidogo, naye hupenda majani ya majini na utelezi wa kijani. Usimpe nyama. Finyanga bukari ngumu, kidonge kama punje ya mahindi, ukitie katika ndoana ndogo. Ukiwa na ndoana kubwa, atakula chambo na kwenda zake.

Kambale hutafuta chakula usiku, kwa ndevu zake na kwa harufu. Mtegee matumbo ya kuku chini kwenye matope, hata yakinuka. Ukimtoa, angalia miiba ya mapezi yake.