Tarti ya Maziwa na Mayai: Tuanze na Yai Moja



Juma hili tunaingia jikoni. Mandazi tunayajua, mikate na keki pia. Lakini tarti ya maziwa na mayai, ile yenye unga chini na maziwa yaliyoshikana juu, wengi tunaiona kwenye karamu tu na kusema: hiyo ni ya wenye furu ya umeme. Sivyo. Hata kwenye mbabula inaiva, mradi moto uwe mdogo na mpishi asiwe na haraka.

Ni kweli, kuna sababu ya kuogopa. Tarti moja inakula mayai manne na nusu lita ya maziwa. Katika nyumba nyingi hayo ndiyo chakula cha watoto, au ndiyo franka za kwenda sokoni. Mama hawezi kuyatia motoni kwa kubahatisha. Basi tufanye kama darasani: mtoto wa mwaka wa kwanza hapewi kitabu kizima, anapewa herufi moja.

Somo la kwanza: yai moja

Weka yai katika bakuli la maji. Likizama na kulala, ni bichi na zuri. Likielea, ni la zamani, usilitumie. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe kwanza, kisha yapoe mpaka yawe vuguvugu.

Koroga yai moja na vijiko viwili vikubwa vya sukari. Mimina polepole maziwa nusu glasi (mililita 125) huku ukikoroga. Maziwa ya moto sana yakimwagwa kwa mara moja, yai litaiva vipande vipande. Chuja, tia katika kikombe cha chuma, funika. Kiweke ndani ya sufuria yenye maji yanayofika nusu ya kikombe, juu ya moto mdogo. Maji yasichemke kwa nguvu. Baada ya dakika 15, anza kuangalia.

Tikisa kikombe kidogo. Kandokando pakiwa pamesimama na katikati pakitetemeka kama tumbo la mtu anayecheka, toa. Joto lililobaki litamalizia kazi.

Kwa nini moto mdogo? Mayai yaliyochanganywa na maziwa hushikana karibu na digrii 80, kabla maji hayajachemka. Joto likizidi, yai hujikaza na kukamua maji yake, kama nguo inayosokotwa. Ukiona vitundu na maji yanachuruzika, ujue makala yalikuwa mengi. Usitupe, bado ni chakula. Kesho punguza moto.

Somo la pili: tarti nzima

Kwa sahani ya kuokea ya upana wa sentimita 23, tafuta: unga wa ngano gramu 200, majarini gramu 100, chumvi kidogo, maji baridi vijiko vitatu au vinne, halafu mayai 4, maziwa nusu lita, sukari vijiko vikubwa 8, na ganda la limau lililokunwa.

Sugua majarini katika unga na chumvi kwa ncha za vidole mpaka iwe kama mchanga. Tia maji, shikanisha bila kukanda sana, maana unga uliokandwa sana huwa mgumu. Pumzisha nusu saa, sukuma, tandaza katika sahani mpaka kingoni.

Kwenye mbabula, chukua sufuria kubwa nzito, tia mchanga mkavu vidole viwili, weka vijiwe vitatu na sahani juu yake. Makala kidogo chini, mengi zaidi juu ya kifuniko. Oka unga peke yake kwanza, umefunikwa kwa karatasi na maharage makavu ili usivimbe. Baada ya dakika 15 toa maharage, acha dakika 10 zaidi. Ukiruka hatua hii, chini patabaki pabichi.

Sasa punguza makala, hasa ya chini. Tengeneza maziwa na mayai kama katika somo la kwanza, ukiongeza limau, umimine. Ukiwa na furu, digrii 200 kwa unga, kisha 160 kwa maziwa. Huchukua karibu dakika 40, lakini usiamini saa peke yake. Amini ule mtetemo.

Acha ipoe saa moja au mbili kabla ya kukata. Ikikatwa ya moto, itamwagika. Na pasipokuwa na friji iliwe siku hiyo hiyo: mayai na maziwa yakilala nje katika joto yanaweza kuwaumiza watoto tumbo.

Kwa mama anayefikiria kuuza

Tarti hii inatoa vipande 8. Kabla ya kutaja bei, andika kila kitu: mayai, maziwa, unga, majarini, sukari, limau, na makala pia, ambayo tunayasahau mara nyingi. Gawanya kwa 8. Ukiuza chini ya hapo, unawalisha majirani kwa mfuko wa watoto wako.

Lakini hayo ni ya baadaye. Juma hili, wapendwa, ni yai moja na kikombe kimoja. Likitetemeka vizuri mara mbili, ya tatu nunua mayai manne bila hofu.