Njaa Ndani ya Shibe: Funzo la Watoto wa Pemba

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kisiwani Pemba methali hii ina upande wa pili: mwenye shibe huweza asijue kwamba njaa imo ndani yake mwenyewe. Mtoto aliyelishwa wali kwa mchuzi mwepesi, au muhogo wa kuchemsha kwa chai, hulala bila kulia kwa kuwa tumbo lake limejaa. Lakini viganja vyake vimepauka, huchoka upesi akicheza, na kimo chake hakilingani na umri wake. Hiyo nayo ni njaa. Wataalamu wa lishe huiita njaa iliyojificha, yaani upungufu wa madini na vitamini kwa mtu ambaye chakula cha kushibisha anacho.

Mkutano wa Dunia wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulieleza kuwa usalama wa chakula hupatikana pale watu wote, wakati wote, wanapoweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye virutubishi. Taarifa ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2025 ilikadiria kuwa watu milioni 673 walikuwa na njaa duniani mwaka 2024, ilhali watu bilioni 2.6 hawakumudu gharama za mlo bora. Ni katika tofauti ya hesabu hizo mbili ambamo njaa iliyojificha huishi.

Pemba ina mabonde ya mpunga na vilima vya mikarafuu, lakini pia ina ardhi ya mawe, hasa upande wa mashariki na Micheweni. Mpunga mwingi hutegemea mvua, na baadhi ya mabonde yameingiliwa na maji ya chumvi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Zanzibar hutoka ng'ambo. Bei ya mchele ilipopaa duniani mwaka 2008, na India ilipozuia kuuza nje mchele wake mweupe usio basmati mwaka 2023, misukosuko ya masoko ya mbali iliwagusa walaji wa visiwani. Bei ikipanda, mara nyingi wali si wa kwanza kupunguzwa. Hupunguzwa samaki, kunde na matunda. Sahani hubaki imejaa, na kinachopungua ni damu.

Tena damu hiyo ina maadui wengine. Kiswahili kina neno la kale, safura, kwa ugonjwa wa kupauka unaoletwa na minyoo inayofyonza damu matumboni. Tafiti zilizofanywa miongoni mwa wanafunzi wa Pemba katika miaka ya 1990 zilionyesha jinsi minyoo hiyo inavyopoteza madini chuma mwilini. Malaria nayo huharibu chembe nyekundu za damu.

Palikuwa na dawa iliyoonekana rahisi: kila mtoto apewe madini chuma. Kuanzia mwaka 2002 watafiti waliijaribu huko Pemba kwa watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35. Wengine walipewa kila siku madini chuma na asidi ya foliki, pamoja na zinki au bila zinki. Wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Agosti 2003 utoaji wa madini chuma ulisimamishwa kabla ya wakati. Waliopewa madini chuma walikuwa na uwezekano zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kuugua kiasi cha kulazwa hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na yakaitikisa dunia ya tiba.

Je, madini chuma ni sumu? La. Katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni, na ambao malaria yao ilifuatiliwa na kutibiwa kwa ukaribu zaidi, wale waliokuwa na upungufu wa madini chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Hatari ilitokana na kumpa kila mtoto bila kumpima, mahali penye malaria nyingi. Madini chuma hayahitajiwi na mwili wa mtoto pekee. Vimelea navyo huyahitaji. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba katika maeneo ya malaria watoto wapewe madini chuma sambamba na kinga, vipimo na tiba ya malaria.

Tangu hapo malaria imepungua mno Zanzibar. Hata hivyo, funzo la Pemba bado linamhusu mhudumu wa Kigoma, Geita au Kilifi. Mtoto aliyepauka asiandikiwe dawa ya kuongeza damu kabla ya kupimwa malaria na kuulizwa habari za chandarua na dawa ya minyoo. Aulizwe pia swali ambalo husahaulika: jana alikula nini?

Nawe mzazi, usimnunulie mtoto dawa ya kuongeza damu kwa kukisia, mpeleke akapimwe. Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo, kisha uendelee kumnyonyesha huku ukimwongezea vyakula mchanganyiko. Dagaa waliosagwa, choroko, kunde na mchicha vina madini chuma; ndimu au kipande cha embe husaidia mwili kuyafyonza. Chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia, hivyo isiambatane na mlo. Mama mjamzito naye asiache vidonge vyake vya madini chuma na asidi ya foliki kwa kusoma haya: utafiti huu ulihusu watoto wadogo, na kwake vidonge hivyo ni kinga. Aendelee kuvitumia kama alivyoelekezwa kliniki.

Watoto wale wa Pemba waliifundisha dunia kwamba njaa haifukuzwi kwa gunia la mchele peke yake, wala kwa kidonge peke yake. Funzo hilo liligharimu maisha. Deni letu kwao ni kuhakikisha kwamba mtoto aliyeshiba ana afya pia.