Wasichana Wanaoongoza Kazi za Kijiji

Wasomaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulitazama lakini hawalioni. Siku mgeni mkubwa anapotazamiwa kufika kijijini, nani hufagia uwanja? Nani huteka maji ya kupikia? Mara nyingi ni wasichana wa shule. Mgeni akiisha kwenda zake, watu husema, "Wasichana wetu wamefanya kazi njema ya kujitolea." Nasi twauliza: je, walijitolea, au walitolewa?

Maneno haya mawili yakaribiana kwa sauti, lakini maana zake zimeachana mbali. Aliyetolewa hufanya kazi aliyoamriwa, na ikiisha huisahau. Aliyejitolea ameiona haja kwa macho yake, ameipima, ameichagua, na kazi ikiharibika yeye ndiye atakayeulizwa. Wa kwanza hujifunza kutii tu. Wa pili hujifunza kutii na kuongoza. Katika maongezi haya twataka kueleza jinsi Chama cha Girl Guides kinavyomlea msichana awe kama huyu wa pili, na faida ambayo watu wa mahali kama Magoma, katika wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga, waweza kuipata kwa malezi hayo.

Asili ya Chama

Mwaka 1909 maskauti wavulana walikusanyika London, mahali palipoitwa Crystal Palace. Wasichana kadhaa wakaja wamevaa kiskauti, ijapokuwa hawakualikwa, wakamwomba Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, awape na wao nafasi. Mwaka 1910 chama chao kikaundwa, na dada yake, Agnes Baden-Powell, akawa kiongozi wa kwanza. Basi angalieni: chama hiki hakikuanza kwa amri ya watu wazima. Kilianza kwa ombi la wasichana wenyewe.

Haukupita muda mrefu wasichana hao wakaaminiwa kazi nzito. Wakati wa vita kuu ya 1914 hadi 1918, idara ya siri ya serikali ya Uingereza ilihitaji watu wa kupeleka habari kutoka chumba hadi chumba na ofisi hadi ofisi. Kwanza ilitumia wavulana, kisha ikachukua wasichana wa Girl Guides, maana walionekana kuwa watulivu zaidi.

Huku kwetu chama kilianza Tanganyika mwaka 1928, mwaka ule ule ambao shirikisho la vyama hivi vya ulimwengu liliundwa. Baada ya uhuru, mwaka 1963, chama chetu kilipokewa kuwa mwanachama kamili wa shirikisho hilo. Na Baden-Powell mwenyewe alimalizia siku zake Afrika Mashariki. Alifariki Nyeri, Kenya, Januari 1941, na kaburi lake liko huko.

Kundi na Kiongozi Wake

Nguvu ya chama hiki ni kundi dogo. Wasichana 6 hadi 8 hufanya kundi moja, na kiongozi wao ni mwenzao wa rika lao, wala si mwalimu. Kila mmoja hupewa wajibu wake: huyu hutunza fedha, huyu vyombo, huyu huandika yaliyokubaliwa. Viongozi wa makundi hukutana katika baraza lao kuamua mambo ya kikosi kizima, na mama mlezi huketi nao kushauri. Mwanachama hutoa ahadi ya kusaidia watu, na neno lao la kukumbushana ni "Uwe Tayari".

Kwa nini kundi liwe dogo? Kwa sababu katika umati wa watu 50 mvivu hujificha, na mwenye haya hunyamaza. Katika kundi la watu 7 hakuna pa kujificha, na hata msichana mwenye sauti ndogo husikiwa.

Tena ziko haja ambazo wazee hawazioni ila wasichana. Mzee akitembelea shule hutazama paa na madawati. Msichana hutazama choo. Akiona hakina mlango wala maji, yeye ajua kwamba katika siku zake za hedhi itambidi abaki nyumbani, na masomo ya siku hizo yatampita. Kama tukimwachia mzee peke yake achague kazi, labda atachagua kupaka chokaa mawe ya njiani.

Mfano wa Kazi

Tuchukue mfano. Tuseme wasichana wa shule moja ya Magoma wameona ya kwamba watoto wadogo hutoka chooni wakaenda moja kwa moja kula. Hilo si jambo dogo. Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza maradhi ya kuhara kwa kadiri ya theluthi moja. Na Tanzania haijasahau jinsi kipindupindu kilivyoenea tangu Agosti 2015. Basi wanachagua kutengeneza vibuyu chirizi.

Kazi yenyewe si ngumu. Huchukua dumu la lita 5, wakatoboa tundu dogo karibu na mdomo kwa msumari uliotiwa moto. Hukita chini miti miwili yenye panda, wakalaza mti wa tatu juu yake, na dumu likatundikwa hapo. Kamba ya pili hufungwa shingoni mwa dumu, ikashuka hadi kwenye kijiti kilicho karibu na ardhi. Ukikanyaga kijiti, dumu huinama na maji huchirizika. Ukiondoa mguu, maji hukoma. Mkono mchafu haugusi chombo, na maji hayapotei bure, jambo lililo kubwa katika nchi kama Handeni ambako shida ya maji ni ya miaka mingi. Sabuni hutobolewa ikaning'inizwa kando, na changarawe humwagwa chini pasiwe na matope.

Lakini kutengeneza ni nusu tu ya kazi. Nani atajaza maji kila asubuhi? Sabuni ikiisha, fedha zitatoka wapi? Mbuzi akikata kamba, nani ataifunga? Kundi linaloongozwa vizuri hujibu maswali haya kabla ya kutoboa dumu la kwanza. Na baada ya mwezi mmoja huzunguka na daftari, likahesabu ni vibuyu vingapi vingali na maji na sabuni. Wakiona vingi vimekauka, hawapigwi wala hawachekwi; huuliza sababu, wakabadili mpango wao. Daftari hilo ndilo shule ya uongozi, maana humfundisha msichana kuitazama kazi yake bila kujidanganya.

Wajibu wa Wazee

Baadhi ya wazazi watasema, "Binti yangu ana kazi za kutosha: maji, kuni, na mtoto mgongoni." Neno hilo ni kweli, nasi hatulipuuzi. Ikiwa kazi ya kikundi itaongezwa juu ya mzigo wote wa nyumbani, huo si uongozi, ni mzigo wa pili. Kwa hiyo mzazi ampe binti yake saa chache kwa juma, na kaka yake ashike ndoo siku hiyo. Mwenyekiti wa kijiji naye awape kibali na nafasi ya kusema barazani, na mama mlezi aangalie wasitembee peke yao jioni.

Wengine huogopa kwamba msichana aliyezoea kuongoza atakuwa na kiburi. Sisi twaona kinyume chake. Mwenye kiburi ni yule asiyewahi kuulizwa hesabu ya kazi yake. Aliyewahi kusimama mbele ya wenzake na kusema, "Fedha za sabuni ni hizi, na zilizotumika ni hizi," amekwisha jifunza unyenyekevu pamoja na ujasiri. Wazee walisema, udongo upate ungali maji. Na umri wa miaka 13 hadi 17 ndio wakati huo wa udongo laini.

Basi twawashauri wanakijiji na walimu waanze kwa jambo moja jepesi lisilo na gharama. Katika mkutano ujao waiteni wasichana, mkawaulize swali hili: "Ninyi mmeona haja gani ambayo sisi hatujaiona?" Kisha nyamazeni, mwape muda wa kujibu.