Jeraha la Risasi Nalo Lichunguzwe

Mkazi wa Ipuli, kata ya Manispaa ya Tabora, anaishi kandokando ya njia ya kale ya bunduki. Misafara iliyopeleka pembe za ndovu pwani ilirejea Unyanyembe na nguo, shanga, baruti na silaha. Kwa silaha hizo Mtemi Mirambo alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora mwaka 1871. Januari 1893 Mtemi Isike, alipozidiwa na Wajerumani, alijilipua kwa baruti ngomeni mwake.

Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Hesabu hiyo ilikuwa ya bidhaa, si ya majeruhi. Pengo hilo ndilo tunalopaswa kuliziba.

Gobore, bunduki inayoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, bado si kitu kigeni katika misitu ya miombo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki awe na leseni, na Jeshi la Polisi limepata kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari. Hatua hizo ni za lazima, lakini sheria humtafuta mkosaji. Tiba ya kinga huuliza mengine: silaha ilihifadhiwa wapi? Ilifyatuliwa kwa kusudi au kwa ajali? Majeruhi alichukua saa ngapi kufika hospitalini?

Tuseme kijana amefikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, mguu umepasuliwa na gobore lake mwenyewe. Huenda alichelewa kwa kuihofia fomu ya polisi, PF3. Daktari atazuia damu na kuondoa vipande vya chuma. Daftari likiandikwa “jeraha la mguu” tu, mguu utapona, lakini funzo litapotea. Kuandika zaidi kunahitaji muuguzi aliyefunzwa, mtakwimu, nauli ya kumfuatilia mgonjwa kijijini, na utaratibu wa kutunza siri yake ili taarifa za utafiti zisigeuke ushahidi wa mashtaka. Hayo yote yanahitaji fedha.

Marekani inatupa onyo. Mwaka 1996 Bunge lake lilipitisha sharti lililopewa jina la mbunge Jay Dickey, likizuia fedha za kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa zisitumike kupigia debe udhibiti wa bunduki. Kituo hicho kikapunguziwa dola milioni 2.6, kiasi kile kile kilichokuwa kimetumika kuchunguza majeraha ya risasi. Utafiti haukupigwa marufuku, ila uliogopwa. Mwaka 2012 Dickey mwenyewe alitoa hoja hadharani kwamba utafiti huo ufanyike. Dola milioni 25 zilitengwa kwa mwaka wa fedha 2020. Kukatiza utafiti kulikuwa kazi ya kikao kimoja. Kuufufua kulichukua zaidi ya miaka 20.

Hapa kwetu hatuhitaji mamilioni hayo. Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, ungeweza kuanza na daftari moja la aina moja katika hospitali za mikoa ya Tabora, Katavi na Kigoma, kwa miaka mitatu mfululizo bila fedha kukatika. Bunduki za 1888 zilihesabiwa kwa sababu kulikuwa na serikali iliyotaka kujua idadi yake. Majeruhi nao wanastahili kuhesabiwa.