Sabufa: Usiamini boksi, amini masikio yako!

MSIMU wa korosho ukifika huku Newala, mambo huwa moto. Mnada ukishapita na hela zikaingia, kuanzia Chilangala mpaka mjini watu wanataka muziki mnene ndani ya nyumba. Hapo ndipo wengi wanapolizwa! Hela ya korosho ni ya msimu mmoja. Ukiuziwa debe, utasubiri mikorosho itoe maua tena, na ada ya watoto imeshaliwa na kelele.

Muuzaji atakuonyesha nini kwanza? Boksi. Limeandikwa wati 5,000 kwa maandishi ya dhahabu. Usibabaike, mshikaji. Nyingi ya hizo ni wati za PMPO, yaani nguvu ya kufumba na kufumbua, ambayo kila kiwanda kinaipigia hesabu kivyake. Wati za kweli ni za RMS, zile ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo. Geuza ukisome kibandiko cha nyuma. Kama chombo kinakula umeme wati 60, hizo 5,000 zinatoka wapi? Kwa jirani? Na wewe wa sola, kibandiko hicho ndicho kitakachokuambia kama betri itafika saa nne usiku.

Dawa ni kusikiliza mwenyewe. Nenda na flashi yako yenye nyimbo unazozijua vizuri. Ukikubali wimbo wa muuzaji umekwisha, maana yeye anaweka ule unaoficha ubovu. Dansi la zamani linafaa sana, kama la Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978. Mle kuna magitaa yanayojibizana, besi, tumba na tarumbeta. Je, unalisikia kila gitaa peke yake, au vyote vimekuwa uji? Sisi tuliokulia kwenye sindimba tunaijua ngoma: inapigwa, inakata. Sabufa mbovu haikati, inanguruma tu kama lori la mchanga.

Ukishindanisha mbili, zote ziwe na sauti sawa. Sikio lina ugonjwa wake: kinachopiga juu kidogo huonekana kitamu zaidi, na wauzaji wajanja wanalijua hilo. Kisha pandisha sauti mpaka juu. Inakwaruza? Shusha mpaka chini. Maneno bado yanasikika? Kama ni ile ya spika tano na sabufa, weka filamu, maana maongezi ya waigizaji hutakiwa kutoka spika ya katikati. Spika hiyo ikiwa mbovu, utasikia mabomu tu.

Kumbuka pia kwamba duka la saruji na bati halifanani na nyumba ya udongo na nyasi. Ukutani kwenye saruji sauti inagonga na kurudi, kwenye nyasi inamezwa. Ukifika nyumbani, jaribu sabufa sehemu mbalimbali. Ukiibana kwenye kona, besi inaongezeka bila kulipa hata senti.

La mwisho: chukua ileile uliyoisikiliza, siyo nyingine iliyofungwa kwenye boksi, na dai risiti. Maduka mengi yameandika ukutani kuwa mali ikiuzwa hairudishwi. Macho yanaonja boksi siku moja tu, lakini masikio yataishi na sabufa hiyo mpaka msimu ujao. Na ya jirani zako pia!